Mita Mbili kutoka kwa Mama Mkwe

Fomu ilikuwa na maswali kumi na moja, na la tisa lilinihusu mimi: je, anayemsindikiza mgonjwa ni mjamzito? Visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mama mkwe wangu, Waithira, alikuwa ameinamia bega langu akiisoma fomu pamoja nami, kwa sababu haamini kwamba Mkamba anaweza kuandika jina la Kikuyu bila kulikosea. Nikatia alama kwenye hapana.

Nilikuwa na mimba ya wiki tisa.

Usinihukumu bado. Naitwa Kavata, nafundisha fizikia katika shule moja ya upili pale Witeithie, na somo la mionzi nalifundisha kila mwaka. Sikudanganya kwa kutojua. Nilidanganya kwa sababu mimba mbili zilizotangulia zilitangazwa. Mara zote mbili nilimwambia mume wangu, Muigai, mtu mwema asiyeweza kukaa na siri hata usiku mmoja. Mama yake akimwuliza amekula nini, atamtajia mpaka namba ya siri ya simu. Naye Waithira, akishasikia, husimama mbele ya kundi lake la maombi na kuomba vigelegele. Akina mama walipiga vigelegele. Kisha, wiki ya kumi mara ya kwanza, na wiki ya kumi na moja mara ya pili, wakaja wale wale nyumbani kwetu Gatongora kusema pole, na huwezi kwenda kusema pole mikono mitupu. Mara ya pili walileta kilo kumi na nne za sukari. Mpaka leo chai yetu tunaikoroga na sukari ya pole.

Kwa hiyo hii ya tatu sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilijipa mpaka wiki ya kumi na tatu. Nilitaka mtoto, na kama singempata, nilitaka angalau nilie bila wageni.

Waithira alikuwa ameanguka kwenye jiko la kanisa akiteremsha sufuria ya githeri. Eksirei haikuonyesha kitu, lakini nyonga ilimuuma kwa miezi miwili, basi daktari akamwandikia skani ya mifupa katika hospitali moja kando ya Bypass, si mbali na Kamakis. Muigai alikuwa Eldoret kikazi. Na kwa Waithira, mgonjwa husindikizwa na mke wa mtoto wa kwanza. Dereva hafai, jirani hafai. Niliposikia skani nilidhani ni mashine ya mgonjwa kuingia na kutoka huku mimi nikisoma gazeti nje. Nilipoiona alama ya manjano ya mionzi kwenye mlango ndipo nilipojua nimeyakanyaga.

Hapa, dawa anayodungwa mgonjwa hukimbilia mifupani na kutoa mionzi kutoka huko huko ndani, na mashine kazi yake ni kuipiga picha tu. Maana yake ni kwamba hatari, ndogo ilivyo, haimo kwenye mashine. Imo ndani ya mama mkwe. Anatembea nayo, anaketi nayo, anakukumbatia nayo.

Aliyemhudumia alikuwa Simran, msichana wa Kihindi mwenye bangili ya chuma mkononi, mzaliwa wa Thika. Alimdunga sindano saa tatu kamili, kisha akaanza kumweleza masharti kwa Kikuyu, kwa heshima na utaratibu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Haiya!" Waithira akasema. "Wewe ni wa nani?"

Simran akataja duka la babake la vifaa vya ujenzi. Ikawa babake ndiye aliyemwuzia Waithira mabati ya nyumba yake mwaka wa tisini na nne, na mabati hayo hayajavuja hata tone. Kuanzia hapo kila sharti la usalama lilipita kwenye mabati.

"Unywe maji mengi, cucu," Simran alisema, akimwita bibi kwa Kikuyu.

"Babako bado anachechemea?"

"Bado. Na ukienda choo, uflashi mara mbili, unawe mikono vizuri."

"Alikuwa mtu wa heshima. Alikuwa anatupatia chai."

"Na mpaka kesho saa kama hizi, usibebe watoto wadogo, na usikae karibu na mama mjamzito."

"Umsalimie sana," Waithira akasema.

Simran akampa masharti hayo kwenye karatasi. Waithira akaikunja mara nne bila kuiangalia, akaitumbukiza kwenye mkoba.

Wagonjwa waliodungwa walikuwa na chumba chao cha kungojea, kwa muda wa saa tatu, dawa ikiingia mifupani. Waithira aliketi, akapigapiga kiti cha pembeni yake.

"Kuja ukae hapa."

"Niko sawa hapa, Mum." Nilikuwa mlangoni.

"Umesimama hapo kama soja wa benki. Kuja."

Nikasema naenda kumletea maji. Kwa saa moja ya kwanza nilimnunulia chupa nne. Kila niliporudi niliweka chupa kwenye meza iliyo karibu na mlango, nikaisukuma kwa ncha ya kidole. Wagonjwa wengine waliniangalia, kisha wakamwangalia yeye, kama watu wanaojiuliza ana ugonjwa gani wa ziada. Waithira aliona. Alinyoosha kilemba chake, akatazama ukuta.

Nilipokuwa nikienda kutafuta chupa ya tano, Simran alinikuta kwenye korido.

"Madam," alisema polepole, "kila nikipita umesimama mita mbili kutoka kwa cucu. Mtu hasimami mita mbili hivyo hivyo tu."

"Mimi ni mwalimu wa fizikia."

"Hiyo si reason. Uko mjamzito?"

Nikasema ndiyo. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kumwambia, na hata jina la babake sikuwa nimelishika.

"Si ungesema kwa fomu?"

"Alikuwa anasoma fomu."

Simran akachungulia kupitia kioo cha mlango. Waithira alikuwa akimhoji mzee wa watu kuhusu kibofu chake. Yeye mwenyewe alikuwa ameolewa mwezi wa tatu mwaka huo, naye alikuwa na mama mkwe wake. "Sawa," alisema. "Nimeelewa."

Kisha akanieleza jinsi ilivyo. Kiasi ni kidogo, tena kidogo sana. Hata ningekaa na Waithira siku nzima, mtoto hangepata shida yoyote inayojulikana. Nguvu ya dawa hupungua nusu kila saa sita, na nyingine hutoka na mkojo. Wao husema tu kwamba kama hakuna lazima ya kukaribia, usikaribie. "Distance na muda mfupi," alisema. "Basi. Usijitese."

"Kidogo kiasi gani?"

Akanitajia. Nikafanya hesabu kichwani, na kweli kilikuwa kidogo. Mtu ambaye hajawahi kupoteza mtoto angeridhika na kidogo. Mimi nilitaka sifuri, na nilikuwa tayari kudanganya nusu ya kaunti ya Kiambu ili niipate.

Simran akaingia akamwambia Waithira kwamba wasindikizaji wote wanangoja mapokezi, ni sheria. Nikapumua. Lakini bado palikuwa na safari ya kurudi Thika, ndani ya Vitz ya Muigai, ambamo dereva na anayekaa mbele hugusana viwiko. Na Waithira hajawahi kukaa kiti cha nyuma. Anasema nyuma ni kwa mizigo na watu wa lifti.

Basi alipokuwa amelazwa chini ya mashine, nilienda dukani nikanunua pakiti ya mala, maziwa ya mgando, nikafungua gari, nikaimimina kwenye kiti cha mbele. Niliimimina taratibu, nikihakikisha inaingia kwenye mshono. Mlinzi wa maegesho alinitazama tangu mwanzo hadi mwisho.

"Madam, hiyo gari ni yako?"

"Ni ya mzee wangu."

"Sawa," akasema, akaenda zake.

Waithira alitoka saa saba. Alifungua mlango wa mbele, akasimama.

"Ni nini hii?"

"Mala ilimwagika, Mum."

"Ilimwagika yenyewe."

"Ndio."

"Na hiyo mala ulikuwa unapelekea nani?"

Hapo sikuwa nimefika. "Paka."

"Hauna paka."

"Wa jirani."

Aliingia nyuma, upande wa kushoto, mbali nami kadiri Vitz inavyoruhusu, ambayo ni mita moja na kidogo. Nilifungua madirisha yote manne, ingawa najua vizuri kwamba madirisha na mionzi hayana uhusiano.

Tulipofika Kamakis akataka nyama. Kwake, mtu akitoka hospitali salama lazima ale nyama, la sivyo amedharau kupona. Tukaletewa mbuzi kwenye ubao mmoja, na ugali na kachumbari. Meza ilikuwa ya watu sita. Nilikaa mwisho mmoja, yeye mwisho mwingine, ubao katikati, nami nikawa nainuka kila ninapotaka kipande. Yeye hakula sana.

"Kavata. Mimi nanuka?"

"Hapana, Mum."

"Tangu asubuhi unanikwepa. Nimekukosea nini?"

Aliuliza bila ukali, na ukali ningeuweza. Nilimwona jinsi alivyokuwa: mama wa miaka sitini na minane, plasta ya sindano mkononi, aliyeachwa peke yake chumbani na wageni, akakalishwa nyuma, na sasa analishwa kutoka ng'ambo ya meza. Niliona aibu. Lakini nilikumbuka ule ukimya wa daktari wa mara ya pili, akisogeza mashine tumboni huku na huku bila kuongea, nikabaki pale pale nilipokuwa.

"Hakuna, Mum. Ni uchovu."

"Uchovu," alisema, akaita kijana alete kijiti cha meno.

Mpango wangu ulikuwa kumfikisha kwake Makongeni, pale Thika, kumuaga kutoka mlangoni, na kutoroka. Lakini kundi la maombi lilikuwa limeshafika. Akina mama saba walikuwa sebuleni na chai ilikuwa imeiva. Mwenyekiti wao, Mama Ephantus, alikuwa ameshika kiti kinachotazama kila mahali. Mdogo wao alikuwa Becky, mama wa kwaya, na mtoto wake wa miezi minne, Wainaina, mnene, mwenye soksi mguu mmoja.

Waithira hana salamu kwa mtu aliyebeba mtoto. Humpokonya mtoto kwanza, halafu ndipo husema habari. Aliketi kwenye sofa yake, akapanga mguu mbovu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipee huyo mzee wangu."

Becky akainuka, akicheka, akimnyoosha mtoto.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa mlangoni, funguo mkononi, na kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, nimeshasema. Saa moja mapajani mwa Waithira haingemfanya Wainaina chochote. Lakini kidogo nilichokikataa kwa mtoto wangu, kwa uongo wote ule na pakiti nzima ya mala, ningekikubalije kwa mtoto wa mwenzangu?

"Becky, usimpe!"

Ilitoka kwa sauti ya darasani. Wainaina alianza kulia. Akina mama wote wakanigeukia, vikombe hewani.

"Hospitali wamesema," nilisema, nikijaribu kuishusha sauti, "kwa sababu ya ile dawa amedungwa. Mpaka kesho asubuhi. Asibebe watoto wadogo, na asikae karibu na..." Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Na nani?" Mama Ephantus akauliza.

"Na wajawazito."

Becky akarudi nyuma na mtoto wake mpaka ukutani. Wale wengine hawakusogea. Wengi wao umri huo waliuacha zamani, na waliobaki walikuwa na hakika na mambo yao. Niliona macho yakianza kupima chumba. Mama Ephantus alimtazama Becky ukutani. Kisha akanitazama mimi mlangoni, mbali kuliko Becky. Akatazama tumbo langu, ambalo halikuwa na la kumwambia. Akaweka kikombe chini taratibu, na nikajua anaandaa koo.

Waithira hakuwa ananiangalia. Alikuwa amefungua mkoba, akatoa ile karatasi, akaikunjua mara nne, akavaa miwani. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma Biblia. Kidole kikafika katikati ya karatasi, kikasimama. Akasoma mstari huo tena. Ndipo akainua uso, akaniangalia juu ya miwani, na niliona usoni mwake vitu vikipangika kimoja kimoja: chupa za maji, kiti cha nyuma, ubao wa nyama.

Nikangoja atangaze. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kilo za sukari.

Alikunja karatasi.

"Muache kumwangalia huyo," alisema. "Tumekosana."

"Mmekosana?" Mama Ephantus akauliza.

"Nilimwambia muthokoi wake, hayo mahindi yao ya Kikamba, ni mgumu kama kokoto. Tangu asubuhi hataki kukaa na mimi. Amenileta nyuma ya gari kama gunia ya waru. Muulizeni."

Sebule nzima ilichangamka. Ugomvi wa mkaza mwana ni kitu wanachokijua tangu mwanzo hadi mwisho. Mama Ephantus alimeza vigelegele vyake, akajigeuza kwenye kiti.

"Kavata, ni ukweli?"

"Muthokoi wangu si mgumu," nikasema. Ndilo jambo la kwanza la kweli kunihusu nililokuwa nimesema mbele ya Waithira siku hiyo.

Basi wakanionya. Kila mmoja alikuwa na neno. Niliambiwa habari za heshima, za ulimi, za wasichana wa siku hizi waliosoma. Kisha wakasimama wakaniombea roho ya kiburi initoke, nami nikiwa pale pale mlangoni, nimefumba macho, kwa dakika ishirini. Aliyesema amina kwa sauti kubwa zaidi ni Waithira.

Mtu asiyemjua hawezi kuelewa alichotoa. Miaka minane nimeolewa kwake, na kwa miaka hiyo minane sifa yake katika kundi lile ilikuwa moja: kwamba hajawahi kukosana na mkaza mwana wake hata kwa neno. Aliitia kwenye maombi. Becky alipoolewa, Waithira ndiye aliyepewa siku nzima kuwafundisha maharusi jinsi ya kuishi na mama mkwe. Sasa Mama Ephantus alikuwa akiondoka na habari ambayo ingefika Juja kabla ya giza.

Walipokwisha kutoka, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la leso.

"Wiki ngapi?"

"Tisa."

"Muigai anajua?"

"Hapana."

"Vizuri. Usimwambie, ataniambia."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Alikuwa bado anaifuta miwani ambayo ilikuwa safi.

"Wale wawili," alisema, "ni mimi niliwatangaza."

"Najua, Mum."

"Nilifikiria watu wote wakijua, Mungu ataona haya kuwachukua."

Muda wote huo nilikuwa nimeamini kwamba alitaka sifa. Nilikuwa nimemchukia kidogo kila asubuhi, kwenye kila kikombe cha chai, mwanamke aliyewapenda watoto wangu kwa njia pekee aliyoijua. Nililia pale mlangoni, na nikaanza kuvuka chumba kumwendea.

"Simama hapo!" alisema. "Si nimesoma karatasi?"

Nikasimama katikati ya zulia.

"Walinidunga saa tatu," alisema. "Kuja kesho, saa tatu."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilifika Makongeni saa mbili na nusu, nikabisha hodi. Dirisha likafunguka. Waithira alinitazama, akageuka kuangalia saa ya ukutani.

"Bado nusu saa," akasema, akafunga dirisha.

Nikaketi kwenye ngazi. Ndani nilimsikia akitembea na ule mguu wake mbovu, akija mpaka mlangoni, akirudi, akija tena.